Ushauri: mume wangu kaandikiwa MRI ya pua na sainasi, na CT scan tulishapiga

Mke_wa_Fundi (Igoma)

Habari za jioni wanajamvi. Naombeni ushauri, tarehe tumepewa Alhamisi ya wiki ijayo.

Mume wangu ana miaka 46. Tangu mwezi wa tatu tundu la pua la kushoto limeziba. Si mafua, maana la kulia linapitisha hewa vizuri kabisa. Akipenga kamasi, siku nyingine inatoka na damu nyembamba kama uzi. Tumezunguka sana: dawa za mzio, antibayotiki mara tatu, matone ya pua, mpaka mama mkwe akatuletea dawa ya kunusa kutoka Magu. Mwezi uliopita daktari bingwa wa masikio, pua na koo akaandika CT scan. Tukapiga. Majibu yanasema sainasi ya shavu la kushoto (ule uwazi wa hewa ndani ya mfupa) imejaa yote na ndani ya pua kuna kitu kimeziba njia. Sasa daktari anasema hagusi chochote mpaka tupige na MRI.

Hapo ndipo nimekwama. Pesa ya CT walichanga ndugu. Hii nayo ni laki kadhaa, na bima hatuna. Mume wangu anasema tunazungushwa tu, kipimo cha pili cha nini wakati pua ni ileile? Halafu kuna mtu kijiweni kamwambia ile mashine inachoma ubongo. Mimi kuacha naogopa, kwenda naogopa. Aliyewahi kupiga MRI ya pua aniambie ukweli.

Ngosha_Kisesa

Pole dada. Mimi sainasi ilinitesa miaka miwili, nikajifukiza majani ya mkaratusi jioni tatu mfululizo, mpaka leo napumua. Mwambie shemeji ajaribu kwanza kabla ya kumwaga hela.

Bibi_Nansio

Mwanangu, nimekuwa muuguzi mpaka nikastaafu, sasa nalima mihogo yangu huku Ukerewe. Kujifukiza kwa mafua ya siku tatu sina ugomvi nako. Lakini hapa kuna mambo matatu yamekutana: tundu moja tu, damu, na miezi inakatika. Sainasi ya kawaida mara nyingi hushika pande zote mbili, na ile ya ghafla huanza kupungua ndani ya siku kumi hata bila kipimo chochote. Ya upande mmoja isiyosikia dawa haifukizwi, inatafutwa chanzo. Inaweza kuwa jino la juu lililooza, maana mizizi ya magego ya juu imekaa chini kabisa ya sainasi ya shavu. Inaweza kuwa ukungu (fangasi), inaweza kuwa kinyama, yaani uvimbe ulioota ndani. Mwangalie mumeo usoni vizuri kwenye mwanga wa mchana: je, jicho la kushoto limesogea mbele? Anaona vitu viwili viwili? Shavu lina ganzi? Meno ya juu yanalegea? Likiwepo hata moja, msingoje hiyo Alhamisi, rudini kwa daktari kesho asubuhi.

Mke_wa_Fundi

Asante sana bibi. Jicho liko sawa, anaona vizuri, meno hayajalegea. Ganzi anasema kidogo, chini ya jicho, ila hana uhakika.

Bibi_Nansio

Hilo la ganzi mpigieni daktari simu leo, mwambieni hivyo hivyo ulivyoandika.

Kivuli_na_Nuru (mtaalamu wa picha, Mwanza)

Dada, nafanya kazi chumba cha picha, niruhusu nieleze kwa urefu kidogo kwa sababu swali la mumeo ni la haki na watu wengi hawapewi jibu lake.

CT scan inatumia eksirei. Mfupa inauonyesha vizuri kuliko kipimo kingine chochote, ndiyo maana daktari wa upasuaji wa pua huianza hiyo. Udhaifu wake ni huu: kamasi nzito iliyonasa, utando uliovimba na kinyama, vyote kwenye CT vinaonekana kijivu. Ripoti yenu imesema sainasi imejaa. Imejaa nini? CT peke yake inashindwa kusema. Huenda kinyama ni kidogo tu, kimekaa mlangoni, na shavu zima nyuma yake ni kamasi iliyokosa pa kutokea. Huenda shavu zima ni kinyama. Hizo ni operesheni mbili tofauti kabisa.

MRI haitumii eksirei. Ni sumaku kubwa na mawimbi ya redio, inasoma maji yaliyomo ndani ya nyama za mwili. Haichomi ubongo. Kamasi na utando uliovimba hung'aa sana kwenye baadhi ya picha zake, kinyama kwa kawaida hufifia kidogo. Katikati ya kipimo atachomwa sindano ya mshipani yenye dawa ya kuongeza mwanga. Dawa hiyo inafuata damu: kinyama kinang'aa chote ndani, lakini kamasi iliyonasa inabaki ilivyo, kingo zake tu ndizo zinazong'aa. Hapo daktari anajua kitu kinaishia wapi, na kama kimeanza kuelekea jichoni au kwenye ubongo. Ndiyo maana hataki kukata kipande cha kupima maabara kabla. Kuna vinyama vya puani vimejaa mishipa ya damu, na kuna vingine vimeshuka kutoka kwenye ubongo wenyewe. Huwezi kuvigusa gizani. Kwa hiyo huyo daktari hawazungushi.

Siku hiyo nendeni na CD ya CT scan, si karatasi ya ripoti peke yake. Kamasi iliyokauka sana na ukungu vinaweza kuonekana vyeusi kwenye MRI, vikadhaniwa ni hewa tupu, hivyo msomaji anahitaji picha zote mbili mbele yake. Kuhusu figo: kama ana kisukari, presha au aliwahi kuumwa figo, apimwe damu kabla ya ile sindano.

Sasa naomba unijibu swali moja. Jina lako linasema mke wa fundi. Fundi wa nini?

Mke_wa_Fundi

Anachomelea mageti na madirisha Nyakato. Kwa nini?

Kivuli_na_Nuru

Anatumia grinda? Amewahi kuingiwa na chuma jichoni?

Mke_wa_Fundi

Grinda kila siku. Mwaka juzi kipande kiliingia jicho la kulia, akatolewa kwenye zahanati. Tulipokwenda kuchukua tarehe walituuliza kama ana chuma mwilini tukasema hana, kwa sababu kilishatoka.

Kivuli_na_Nuru

Rudini mkaseme. Tena kesho, msingoje siku ya kipimo.

Sumaku ya mashine nyingi ni tesla 1.5, yaani kama mara 30,000 ya ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Na haizimwi. Hata mashine ikiwa kimya, hata usiku, sumaku inavuta. Chembe ya chuma isiyoonekana kwa macho ikiwa ndani ya jicho inaweza kusogea, ikachana na kuvujisha damu ndani, mtu akapoteza jicho. Mafundi wanaosaga chuma wanaweza kukaa na chembe bila maumivu yoyote. Aliyetolewa kimoja hana hakika kwamba kilikuwa kimoja.

Dawa yake ni rahisi: eksirei ya macho, dakika chache. CT yenu kama ilichukua macho yote mawili msomaji anaweza kuiangalia hiyo hiyo, lakini je, tangu siku ile ya CT hajarudi kwenye grinda?

Mke_wa_Fundi

Amerudi. Hata leo yuko kazini.

Kivuli_na_Nuru

Basi CT haitoshi, apige eksirei ya macho. Na mpaka Alhamisi asishike grinda tena, la sivyo hiyo eksirei nayo inakuwa ya zamani.

Vingine vya kutaja, nimechoka kuona watu wakivificha: betri ya moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, risasi, vyuma vya mfupa. Vyuma vingi vya mfupa vya siku hizi havina shida, lakini tuamue sisi, mgonjwa asijiamulie. Na hirizi. Watu wanaona aibu kuitaja, wanaingia nayo kiunoni. Nyingine imefungwa ndani ya bati. Hakuna atakayekucheka, ivue uiweke kwenye mfuko wako na utaikuta.

Mama_Dagaa_Kirumba

Mimi nimepiga, tena ya pua hii hii, mwaka jana. Shemeji asiogope ila ajiandae. Unalazwa chali, kichwa wanakiingiza kwenye kitu kama kibanda cha plastiki chenye matundu, kinakuja mpaka juu ya uso. Wakakipachika kioo kidogo juu ya macho nikawa naona miguu yangu na mlango, hicho kioo kilinisaidia kuliko maneno yote. Mkononi unapewa mpira wa kubonyeza ukizidiwa. Masikioni unawekewa vizibo, lakini kelele unaisikia tu: kwanza kama mtu anagonga bati kwa nyundo, kisha kama drili, kisha kimya, unadhani wamemaliza, inaanza tena. Kama dakika arobaini.

Kilichonishinda hakikuwa kelele, kilikuwa pua. Ukilala chali pua iliyoziba inaziba zaidi, kamasi inashuka kooni, unataka kukohoa na ukikohoa picha inaharibika. Mara ya kwanza nilikohoa wakarudia. Kijana aliyekuwa chumba cha pili akaniambia kwenye spika, mama, nikinyamazisha mashine meza mate, kohoa, safisha koo, kisha nikuanzie. Tukaenda hivyo mpaka mwisho. Shemeji awaambie mapema kwamba anapumulia mdomo.

Na dada zangu, nilikuwa nimesuka kwa pini. Nilifumua kichwa kizima pale benchi huku watu wa nyuma yangu wanaingia. Nendeni na nywele zenu tupu, bila wanja wala kope za bandia.

Mwalimu_Buzuruga

Naomba niongeze la kwangu. Nilipiga MRI ya kichwa kwa sababu ya kipandauso, ripoti ikaandika utando wa sainasi umevimba na kuna uvimbe wa maji kwenye shavu la kulia. Sikulala wiki nzima. Pua yangu haijawahi kunisumbua hata siku moja.

Kivuli_na_Nuru

Mwalimu, hiyo tunaiona karibu kila siku. Utando kuwa mnene kidogo na vifuko vya maji kwenye shavu hukutwa kwa watu wazima wasio na ugonjwa wowote wa pua. Hata nyama za ndani ya pua huvimba kwa zamu, saa chache kushoto, saa chache kulia, ndivyo mwili ulivyo, na mashine inanasa zamu iliyoikuta. Ripoti inasomwa na dalili za mtu pembeni. Ya mume wa dada ina dalili, yako haina.

Mama_Pacha_Pasiansi

Samahani kuingilia uzi. Nanyonyesha na nimeandikiwa MRI yenye hiyo sindano. Niache kunyonyesha?

Kivuli_na_Nuru

Kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno, kwa kawaida hakuna haja ya kuacha. Waambie tu unanyonyesha. Mjamzito ndiye asiyepewa dawa hiyo ila kwa sababu kubwa sana, na eksirei au CT pia aseme mapema.

Mke_wa_Fundi

Nimerudi wapendwa, siku kumi na mbili zimepita.

Daktari nilimpigia usiku uleule kuhusu ganzi, akatuita asubuhi, akamgusa shavu kwa pamba pande zote mbili na kuandika. Tukasema na habari ya jicho. Yule dada wa mapokezi alisimama kabisa, akaenda kumwita mkubwa wake. Wakampiga eksirei ya macho, hakuna kitu. Grinda alikuwa amemwachia kijana wake wiki nzima, bila ubishi baada ya kumsomea maneno yenu.

Kipimo amepiga. Alitoka jasho limemlowesha shati, lakini hakubonyeza mpira. Majibu: kinyama kipo puani na kwenye mlango wa sainasi, si kikubwa. Shavu karibu lote ni kamasi iliyonasa nyuma yake. Jicho na ubongo havijaguswa. Juzi Jumanne daktari amechukua kipande, kimepelekwa maabara, tumeambiwa turudi baada ya wiki mbili. Bado hatujui ni kinyama cha aina gani, na usiku namsikia anageuka geuka kitandani.

Bibi Nansio, anakusalimu. Anauliza, kwa kuwa bado ana pamba puani, anaruhusiwa kupenga?

Bibi_Nansio

Mwambie marahaba. Asipenge wala asitoe pamba mwenyewe. Chafya ikija aifungulie mdomo. Damu ikichuruzika aketi, ainame mbele, abane pua dakika kumi, na isipokata nendeni hospitali saa hiyo hiyo.