Tabaka na utu wa mtu: kutoka riwayani hadi Mwaloni

Msomaji wa Kirumba: Ndugu zangu, katika *Brave New World*, riwaya ya Aldous Huxley ya mwaka 1932, watu hukuzwa ndani ya chupa kwa matabaka, na Epsilon, mtu wa tabaka la chini kabisa, huvishwa nyeusi, akafunzwa kuridhika. Je, mchukuzi wa Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, anayeitwa kwa namba ya kizibao chake, hayuko karibu na hali hiyo?

Mkazi wa Igogo: Sikubaliani nawe, ndugu. Mchukuzi hubishania ujira kabla ya kujitwisha gunia la dagaa, na anajua vizuri anapopunjwa. Epsilon alipunguziwa oksijeni angali chupani, asiweze hata kuuliza.

Mwalimu, Nyakato: Shaaban Robert ametusogelea zaidi: katika *Kusadikika*, Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria.