MREJESHO: Nimeshachagua masta, usimamizi wa dawa au udhibiti?

Wakuu, salaam. Mwezi wa pili niliuliza hapa: mfamasia mwenye miaka minne kwenye duka la hospitali asome masta ya usimamizi wa dawa pale MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar), au avuke mpaka akasome ufuatiliaji wa usalama wa dawa Chuo Kikuu cha Nairobi? Nimechagua Muhimbili.

Aliyenifungua macho ni yule mdau aliyeniambia niache kusoma majina ya kozi, nisome orodha ya masomo. Nikakaa nayo jioni nzima. Nikagundua kazi ninayoiota, ya udhibiti, yaani kupitia majalada ya usajili wa dawa, kupima ushahidi wa ubora na usalama kabla dawa haijaingia sokoni, inafundishwa zaidi kazini kuliko darasani. Na kwa hilo Dar si pabaya hata kidogo: mamlaka yetu ya dawa, enzi zile ikiitwa TFDA kabla ya kuwa TMDA mwaka 2019, ndiyo ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu kati ya nne kwenye kipimo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha ukomavu wa mamlaka za udhibiti wa dawa, Desemba 2018. Sasa niende mbali kutafuta nini?

Upande wa usimamizi nao (maoteo ya mahitaji ya dawa, manunuzi, ugavi) ndio unaonilisha kila siku, kwa hiyo sitaanzia sifuri.

Ada? Mwajiri amenipa ruhusa, hela hajatoa. Shamba la mama limeokoa jahazi.

Mliosema nisubiri ufadhili, samahanini, nimechoka kusubiri. Tasnifu nataka iwe juu ya dawa duni. Mwenye wazo zuri aje PM.