Naomba ushauri: Cruze 1.4 turbo, manifoldi mpya au valvu ya nje?

Wakuu, naomba ushauri kabla ya kununua Chevrolet Cruze ya 2014, 1.4 turbo, iliyoundwa Lordstown, Ohio. Bei nafuu, inakula mafuta kidogo. Ugonjwa wake unajulikana: kivalvu cha mpira, rangi ya chungwa, ndani ya manifoldi ya kuingiza hewa hung'oka, presha ya turbo inarudi ndani ya injini, mpira wa kava la juu la injini unapasuka, mluzi unaanza, msimbo wa hitilafu P0171 au P1101 unatokea kwenye kompyuta ya gari. Ukibadilisha kava tu, jipya nalo litapasuka.

Nikimulika tundu la kivalvu hicho kwenye manifoldi kwa tochi nisikione, nifunge valvu ya nje (inayowekwa nje ya manifoldi kufanya kazi ya kivalvu hicho) au manifoldi mpya? Ipi inadumu? Na harufu tamu ya kulanti (maji ya kupozea injini) karibu na pampu ya maji, inatosha kuikataa?