Naomba ushauri: kikundi chetu cha kusoma tafiti za usalama wa kompyuta kinapungua watu (Kampala)

KisomoWandegeya:

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Kampala, na mhadhiri wangu amenikabidhi kikundi cha kusoma makala za utafiti wa usalama wa kompyuta. Tunakutana Alhamisi jioni baada ya vipindi. Wengi ni wa shahada ya kwanza, mwaka wa pili na wa tatu: Waganda, Wakenya, Watanzania kadhaa na vijana wawili kutoka Goma. Tunajadili kwa Kiswahili na Kiingereza, na Kiganda kikiingia hakuna anayekatazwa.

Mwanzoni chumba kilijaa. Sasa hivi tunaenea kwenye meza moja. Nimewafuatilia walioacha, na sioni kwamba ni uvivu. Mtu mmoja anasoma makala, anatengeneza slaidi, anasimama mbele saa nzima. Wengine hawajafungua hata ukurasa wa kwanza, kwa hiyo hawana la kuuliza. Makala zenyewe ni kurasa kumi na kitu za safu mbili, herufi ndogo, na katikati zimejaa hesabu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akifika hapo anafunga kompyuta, na Alhamisi inayofuata haji kwa sababu anaona aibu.

Kuna jambo moja limenikaa moyoni. Katika kikao cha karibuni binti mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Huyu mshambuliaji yuko wapi? Ameishika simu yenyewe, au yuko mbali kwenye mtandao?" Mtoa mada akamjibu "tutafika hapo", akabonyeza slaidi inayofuata. Hawakufika. Yule binti hajarudi.

Nifanye nini watu wasome kabla ya kuja? Tuanze na makala zipi? Na la mwisho: vijana wachache wanataka tujaribu haya mashambulizi kwenye mifumo halisi, hata ya chuo. Nitawazuiaje bila kuwavunja moyo?

MwalimuKikoni:

Ndugu, mtafute huyo binti arudi. Aliuliza swali ambalo wakaguzi wa makala hizi huuliza kabla ya lolote. Utafiti wa usalama hauna maana mpaka ujue mshambuliaji anaweza nini na hawezi nini. Shambulizi linalomtaka mtu awe ameshika simu yako ikiwa imefunguliwa si sawa na linalofanywa na mtu aliyekaa Wi-Fi moja na wewe pale mgahawani.

Kwa hiyo panga kikao chote kuanzia hapo. Usiwaambie wanafunzi "someni makala". Waambie wasome muhtasari, utangulizi, vichwa vya sehemu na hitimisho, na waitazame michoro. Mtafiti wa mitandao ya kompyuta, S. Keshav, aliandika mwaka 2007 maelezo mafupi sana ya namna ya kusoma makala kwa mizunguko mitatu, na mzunguko wa kwanza ni dakika tano hadi kumi tu. Hata mtu aliye kwenye teksi ya kutoka Mukono anaziweza. Fanyeni hiyo makala yenu ya kwanza kabisa.

Wakishaingia chumbani, zima projekta. Gawa nakala za ile sehemu moja inayomweleza mshambuliaji, kila mtu aisome kimya dakika ishirini. Kisha mmoja awatetee waandishi, mwingine awashambulie kama mkaguzi anayetaka kuikataa makala, na wa tatu aseme jambo hilo lingekuwaje hapa Uganda. Majukumu yazunguke kila wiki. Mtu aliyepewa jukumu la kushambulia husoma hata usipomhimiza, maana hataki kuishiwa hoja mbele ya wenzake.

FundiMitandao_Arua:

Mwalimu amemaliza upande wa utaratibu, mimi niseme kuhusu makala. Makosa ninayoyaona kwenye vikundi vingi ni kuanza na kitu kipya chenye jina kubwa. Spectre na Meltdown za 2018, yale mashambulizi kwenye vichakataji vya kompyuta (prosesa), ni kazi nzuri sana, lakini bila kujua jinsi kichakataji kinavyotekeleza maagizo kwa kubahatisha mbele, utapoteza kikao kizima.

Anzeni na pesa za simu, maana kila mmoja wenu anazitumia. Mwaka 2015, kwenye USENIX Security, mkutano mkubwa wa tafiti za usalama wa kompyuta, Bradley Reaves na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walitoa uchambuzi wa programu za Android za pesa za simu katika nchi zinazoendelea. Walipitisha programu 46 kwenye uchambuzi wa kompyuta, kisha wakachagua 7 wakazifungua kwa mkono, hatua kwa hatua, kuanzia kujisajili hadi kutuma pesa. Wakakuta programu zisizokagua vizuri cheti cha seva, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, hivyo mtu aliyekaa kati ya simu na seva anaweza kujifanya ndiye seva. Watengenezaji wengine walikuwa wamejibunia usimbaji fiche (njia ya kuficha ujumbe usisomeke) wao wenyewe. Swali la yule binti linajibika vizuri sana hapo.

Ya pili, Ross Anderson, "Why Cryptosystems Fail", 1993. Hii inasomeka na yeyote. Wakati huo watu waliamini benki zitaibiwa na wataalamu wa kuvunja msimbo. Anderson akaonyesha kwamba wizi mwingi kwenye mashine za kutolea pesa ulitokana na uzembe wa kawaida na usimamizi mbovu. Mfano wake mmoja: mwizi anapanga foleni, anachungulia namba ya siri ya aliye mbele, kisha anaokota risiti iliyotupwa, ambayo imechapwa namba kamili ya akaunti. Ananakili namba hiyo kwenye kadi tupu, basi. Sasa waambie wanafunzi wako waende kwa wakala yeyote wa pesa za simu Wandegeya walitazame lile daftari lililo wazi juu ya meza, lenye majina na namba za simu. Mjadala utajiendesha.

Ya tatu, hotuba ya Ken Thompson iliyochapishwa 1984, "Reflections on Trusting Trust". Ni kurasa chache tu. Anaonyesha jinsi kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inavyoweza kupandikiza mlango wa siri ndani ya programu ya kuingilia kwenye kompyuta (login), na mlango huo ukaendelea kuwepo hata ukiusoma msimbo wote wa kompaila usione kitu. Hii isomeni taratibu, wiki mbili ikibidi.

Makala za USENIX hupakuliwa bure. Za IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na kompyuta, nyingi zinalipiwa, lakini mara nyingi waandishi huweka nakala kwenye kurasa zao.

NeemaGoma:

Mimi ni mwanafunzi, nasemea wenzangu. Wengi tunasoma kwenye simu, na safu mbili kwenye simu ni mateso, unasukuma kushoto na kulia mpaka unasahau ulikuwa unasoma nini. Kaka, chapisha kurasa tatu au nne zinazohitajika, mchangie fotokopi. Na pakueni mkiwa chuoni kwenye eduroam, ile Wi-Fi ya vyuo, msimalize bando zenu.

WakiliNtinda:

Nimesoma swali la mwisho la mleta mada na naomba lisipitwe haraka.

Uganda tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, iliyorekebishwa 2022. Kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa lenyewe. Si lazima uibe wala uharibu kitu. "Nilikuwa najifunza" haitamsaidia kijana mbele ya hakimu, na "mfumo ni wa chuo changu" haimaanishi amepewa ruhusa. Mkikusanya taarifa za watu, kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Na utafiti unaohusisha watu, hata kuwauliza maswali, unahitaji kupitia kamati ya maadili ya utafiti.

Nawapenda sana vijana wa aina hiyo na sitaki wafungwe. Wapeni pa kuchezea. OWASP, shirika lisilo la faida la usalama wa programu, wana programu zilizotengenezwa makusudi zikiwa na matundu, kama WebGoat na Juice Shop, zote bure. Ziwekeni kwenye kompyuta yenu wenyewe, isiyounganishwa na mtandao wa chuo, wavunje wanavyotaka. Na ikitokea mmoja amekutana na udhaifu kwenye mfumo wa mtu bila kuutafuta, asimame hapo hapo, asiendelee kuchimba, asiurushe WhatsApp. Amwambie mhadhiri, mhadhiri amwandikie mwenye mfumo.

Otim_Seva:

Nakubaliana na wote ila kwenye dakika ishirini za kimya. Saa kumi na mbili jioni, watu wametoka maabara na njaa, ukiwanyamazisha watalala. Sisi huwa tunawaweka wawili wawili, wanasoma pamoja kwa sauti ya chini na kuandika juu ya nakala: mshambuliaji anaweza hiki, hawezi kile. Hiyo karatasi ndiyo tunayojadili.

MwalimuKikoni:

Otim, hilo ni bora kuliko langu. Wawili wawili, na ikiwezekana mkubwa na mdogo.

KisomoWandegeya:

Asanteni sana, nimenakili kila kitu. Alhamisi hii tunaanza na Keshav, wiki inayofuata Reaves, kurasa nne kwenye karatasi, wawili wawili. Nimeshampigia yule dada, amekubali kuwa upande wa kushambulia. Wale vijana nimewapa kazi ya kuandaa kompyuta ya mazoezi na wameipokea kwa furaha kuliko nilivyotarajia.

Mwalimu, swali moja limebaki. Mhadhiri wangu anataka kuhudhuria. Wanafunzi wakimwona hunyamaza wote.

MwalimuKikoni:

Aje, ni vizuri wamwone anasoma. Ila mwombe mapema, kwa heshima, kwamba asiseme lolote mpaka wanafunzi watatu wawe wameshasema, na wakimgeukia awarudishie swali. Mpangie naye mwenza wa kusoma naye, wa mwaka wa pili.