Bastola juu ya kabati, na mtoto kaanza kupanda stuli

MamaNjiro: Habari za jioni wakuu. Mume wangu ni broka wa mawe, kutoka Mererani huwa anarudi usiku. Mwaka jana alipata kibali, akanunua bastola. Alipoulizwa itakaa wapi akajibu kwenye sefu. Sefu tunayo kweli, imejaa hati za kiwanja na tanzanaiti za watu. Bastola inalala juu ya kabati, imeviringishwa kwenye kanga yangu, eti mwizi hatamsubiri atafute funguo. Jana nimemkuta wetu wa miaka minne kapanda stuli anavuta pindo la ile kanga. Sijalala. Mnaomiliki, mnahifadhije? Na nimwambieje asione naiombea mabaya kazi yake?

NesiWaMoshi: Pole sana dada. Nina miaka 11 kwenye chumba cha dharura. Wanaotujazia vitanda ni bodaboda, wa risasi huja mmojammoja. Ila sijasahau mlinzi aliyejipiga unyayo akikabidhi lindo asubuhi, wala kijana wa gobore: kwenye eksirei vipande vya nondo vimetapakaa pajani kama punje za mtama. Baba yake alikuwa anaisafisha. Kwenye faili tukaandika "ajali", basi. Bodaboda tunamuuliza kama alivaa helmeti. Silaha ilikuwa imefungiwa wapi, hakuna anayeuliza.

Kijenge_Juu: Hayo mambo ya Marekani. Mwenye mali lazima ajilinde.

NesiWaMoshi: Hao hao Wamarekani mkuu, mwaka 2021 walikufa kwa risasi zaidi ya 48,000, na zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Jambazi hayumo humo. Na Bunge lao lilivyobana fedha za utafiti wa silaha mwaka 1996, watafiti wa afya walikaa zaidi ya miaka 20 bila fedha ya maana ya kuchunguza vifo hivyo. Sisi tusubiri nini?

MstaafuSakina: Mwanangu, toa magazini, kagua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole. Bastola ifungiwe tupu, risasi zifungiwe kwingine. Zipo sefu ndogo za namba, hazihitaji funguo. Mkumbushe pia kwamba kibali kinafutwa.

MamaNjiro: Asanteni. Nimemsomea wakati wa kula, kanyamaza, halafu kauliza hiyo ya namba bei gani. Kwa leo bastola iko kwenye sefu, mawe ya watu ndiyo yamelala juu ya kabati. Kanga nimeiloweka.