"Uso usihangaike nao, hauonekani": haya ndiyo tunayowafanyia mabinti kwenye video za Bongo Fleva

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi.

Kazi yangu ni makeup, hapa Dar, mwaka wa sita sasa. Maharusi, sendoff, kicheni pati, na nikipigiwa simu naenda kwenye shuti za video za muziki. Mwezi uliopita niliitwa location, nyumba ya kukodi yenye bwawa. Nafika saa 1 asubuhi, namkuta binti kakaa kwenye ngazi kapakata mfuko. Ndani kuna gauni la kitenge alilolipeleka kwa fundi makusudi, maana aliambiwa ataigiza mchumba wa msanii. Akanikunjulia: "Dada, hili litapendeza?" Nikamwambia litapendeza.

Saa 4 dairekta kamletea bikini. Binti akasema taratibu, "Kaka, mimi niliambiwa gauni." Akajibiwa kuna wenzake kibao wanaililia hiyo nafasi, kama hawezi arudi kwao Mbagala. Akavaa. Nikafungua boksi langu nianze na uso, dairekta akanikatisha: "Uso usihangaike nao, hauonekani. Mpake mafuta mapajani, yang'ae."

Nikampaka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jua la saa 7, na joto la Dar mnalijua. Msanii kasimama kando ya bwawa na koti la ngozi, buti na kofia juu. Mabinti wanne wanamzunguka na vile vipande vya nguo. Kamera inapita kiunoni, inashuka, inapanda, shingoni haifiki. Jioni binti kapewa elfu 40, nauli humo humo.

Video imetoka. Mwishoni kuna majina: aliyerusha drone yumo, mwenye nyumba kashukuriwa. Yeye hayumo. Kurasa za udaku zinamwita "mrembo aliyepamba video". Kupamba! Maputo ndiyo yanapamba ukumbi. Mwanamume akitokea kwenye video tunasema kaigiza, kacheza, kaua. Mwanamke kapamba.

Halafu matusi. Mtaani kwao wamemjua kwa kovu la gotini. Mjomba kamwitia kikao. Saluni alikokuwa anasuka kaambiwa apumzike kwanza, wateja wanasema. Msanii je? "Katisha sana mwanangu." Kuna mtu hata mmoja aliyemuuliza yeye kama ana mama?

Na wenye mamlaka tukiwasikia, tunawasikia kwenye nguo. Januari 2021 BASATA, baraza la sanaa la taifa, ilimfungia mwanamuziki Gigy Money miezi 6 na faini ya shilingi milioni 1 kwa vazi la jukwaani Dodoma. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nayo ikakifungia kituo cha TV kilichorusha. Haya, vazi limeadhibiwa. Lakini hizi video tunazozitazama kila siku, vazi mara nyingi halikuchaguliwa na aliyelivaa, na hapo sijasikia dairekta akiitwa kujieleza.

Bongo Movie sitaigusa sana leo. Mwanamke mwenye gari lake lazima awe jeuri, dada wa kazi lazima amchukue baba mwenye nyumba, mama mkwe lazima awe na tunguri. Mnazijua.

Ila msiniambie muziki bila mapaja hauuzi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alikwenda Bombay kurekodi 1928. Walishamcheka sura, wakamcheka na ukoo, akawajibu kwa wimbo kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Santuri zake zilinunuliwa pwani nzima, na aliyenunua alinunua sauti.

Wenzangu wa makeup mliomo humu, kabla hujafungua boksi muulize binti aliambiwa atavaa nini. Na nyie wasanii, kwa sababu najua mnasoma: vazi liandikwe kwenye makubaliano siku mnayompigia simu, siyo akishafika na hana nauli ya kurudi. Jina lake likae pale pale lilipokaa la mrusha drone. Mkisema hamkujua dairekta alimwambia nini, mlikuwa mmesimama hatua tatu kutoka kwake.

Tangu siku ile nimekataa shuti mbili. Lile gauni la kitenge alilisahau location, nikaondoka nalo. Nimelifua na kulipiga pasi, Jumamosi nampelekea Mbagala.