Bibi anasali na watoto kuliko mimi mama yao, halafu anawatisha na moto. Nifanyeje?

Mama Watatu:
Wadau habari zenu, naombeni ushauri maana hili nimekaa nalo muda mrefu. Mama mkwe anaishi na sisi mwaka wa pili sasa tangu baba mkwe atangulie mbele za haki. Ni mama wa sala kwelikweli, kila jioni anawakusanya wajukuu, anawasomea Biblia, wanaimba, wanaombeana mmoja mmoja kwa jina. Kale kadogo kangu ka miaka minne hakafumbi macho mpaka kashike kidole gumba cha bibi yake. Napenda sana, sidanganyi, mimi mwenyewe sikukua hivyo.

Ila mimi natoka kazini usiku nakuta wameshasali wameshalala, nimefika mahali sijui hata wanangu wanamwomba Mungu nini. Na kinachoniumiza zaidi, mtoto akikosea bibi anamwambia Mungu anakuona, atakuchoma. Juzi mkubwa wangu wa miaka saba kaamka usiku analia ananiuliza kama Mungu bado kamkasirikia, kisa alidanganya kuhusu penseli ya mwenzake. Nilikaa naye mpaka karibu alfajiri. Mume wangu anasema mama haambiwi, ni mtu mzima. Nasemaje bila kumvunjia heshima na bila kuwanyima watoto kile anachowapa?

Bibi Tumaini:
Mwanangu pole. Mimi ni bibi, nina wajukuu sita, na hayo maneno ya moto nimeyasema sana tu, maana ndivyo tulivyolelewa na tuliona ndo mapenzi yenyewe. Aliyeniachisha ni mwanangu wa kumzaa, alinikalisha tukiwa wawili tu, hakunisema mbele ya watoto wala mbele ya mkewe, akaniambia mama, huyu mtoto anaogopa kusali. Iliniuma jamani, lakini nilisikia kwa sababu ilitoka kwake. Kwa hiyo aongee mumeo, ni mama yake, usiubebe wewe huo mzigo.

Halafu hilo la kukuta wameshasali. Paulo alipomwandikia Timotheo barua ya pili alimkumbusha imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Ni wawili mwanangu, Eunike hakurukwa. Mwambie mama mkwe unataka kuwepo. Sisi wazee mara nyingi tunadhani tunawapunguzia kazi kumbe tumewapokonya kitu.

Abu Nuru:
Mimi ni Muislamu lakini hili linatuhusu wote. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipofiwa na mama yake akiwa na miaka sita ni babu yake Abdul-Muttalib aliyemchukua, akakaa naye kama miaka miwili hivi mpaka naye babu akafariki. Na yeye alipokuja kuwa babu, imepokewa kwamba alirefusha sijda kwa sababu mjukuu wake kampanda mgongoni, hakutaka kumharakisha. Mimi kila nikiifikiria hiyo naona mtoto anatakiwa aikute ibada mahali penye upole kwanza, hofu ya Mungu itakuja na akili.

Babu yangu ndo alinifundisha kusoma Kurani, nimekaa ubavuni kwake na kidole chake kinene kinatangulia chini ya herufi, nikikosea kidole kinasimama tu, hasemi neno, kinasubiri. Leo nafundisha wanangu nami nasimamisha kidole vilevile. Dada, muombe mama awasimulie watoto maisha yake mwenyewe, alivyoshikiliwa na Mungu alipofiwa na mume, hayo sisi wazazi hatuna, wazee ndo wanayo.

Mjukuu wa Pili:
Mimi niseme tofauti kidogo, msichelewe. Nililelewa na bibi aliyenipenda mno na akanitisha mno, na mpaka nina miaka ishirini na kitu nilikuwa nikiugua hata mafua najiuliza nimemkosea Mungu wapi. Namkumbuka kwa upendo na ninamuombea kila siku, lakini hilo limenichukua muda mrefu kulitoa moyoni. Heshima kwa mama mkwe iwepo ila mtoto wa miaka saba hawezi kujitetea, na huyo mkubwa aambiwe leo leo kwamba kasamehewa, aambiwe na bibi mwenyewe ikiwezekana maana wewe ukisema peke yako atabaki anajiuliza nani mkweli.

Mama Watatu:
Jamani asanteni, narudi na mrejesho. Mume wangu nilimsomea ya Bibi Tumaini na ya mjukuu, alinyamaza muda, kesho yake akaongea na mama yake. Mama akawa kimya siku mbili, nikajua nimeharibu. Jana narudi nakuta taa ya sebuleni inawaka na watoto wote macho, kumbe mama kawaambia leo hatuanzi mpaka mama yenu aje. Kamsimulia mkubwa kwamba na yeye akiwa mdogo aliwahi kuchukua kitu cha dada yake akadanganya, akarudisha, akasamehewa. Mtoto akamuuliza maswali mengi, eti Mungu alikwambiaje, dada alikwambiaje. Moto hakuutaja, ila ni siku moja tu siwezi kusema yameisha. Kale kadogo kalisinzia kabla ya amina, kidole cha bibi kikiwa mkononi, na mama akakataa kukitoa mpaka nikambeba mimi.